Harambe ya Florida na Lango la Ikoma

Tarehe 22 Aprili 1998 kampuni ya Disney ilifungua huko Florida, Marekani, bustani kubwa ya burudani iitwayo Animal Kingdom. Ndani yake kuna kijiji cha kubuni kinachoitwa Harambe, kilichojengwa kwa kuigiza miji ya mwambao wetu, hasa Lamu, chenye mabango ya Kiswahili na kuta zilizochubuliwa makusudi ili zionekane za zamani. Kutoka kijijini hapo mgeni hupanda lori la wazi na kuzungushwa kwa dakika kama 20 katika mbuga ya kutengeneza yenye ekari zipatazo 110. Simba wapo, tena ni nadra mtu kuwakosa, maana jiwe wanalolalia limefungwa mitambo ya kulipoza na kulipasha joto ili wasione sababu ya kwenda kulala kwingine. Mitaro inayowatenga na swala imefichwa, jicho lisiione. Miaka ya mwanzo safari hiyo ilikuwa na kisa chake pia: majangili wameiba mtoto wa tembo, na lori la wageni linaitwa kusaidia kuwafukuza. Siku hizi kisa hicho kimeondolewa. Familia zinazokwenda pale hulipa zaidi ya dola 100 kwa mtu mzima kwa siku moja, na zinapanga foleni.

Naitaja Harambe ya Florida kwa sababu kata ya Mbalibali, wilayani Serengeti, iko karibu na kitu ambacho Disney ilikuwa ikikiigiza. Ukitoka Mugumu kwa gari, Lango la Ikoma haliko mbali, na ukilipita umeingia katika hifadhi yenye kilomita za mraba 14,763. Hata hivyo vijana wengi wa mkoa wa Mara wanaijua hifadhi hii kwa njia tatu tu, na hakuna hata moja iliyo ya mgeni. Wanaijua kwa dirisha la basi, pale wanaposafiri kwenda Arusha kupitia Seronera na Ngorongoro, ambapo abiria hulipia kupita na nusu yao wamelala. Wanaijua kwa shamba, usiku tembo wanapotoka. Na wanaijua kwa sufuria, kwa ile nyama iliyokaushwa tunayoiita kimoro, ambayo kila mtu anajua ilikotoka na hakuna anayeuliza. Dai langu ni kwamba familia ya upande huu yenye watoto wa rika la sekondari, ikiwa itafanya safari moja tu ya likizo, iwapeleke vijana hao ndani ya Serengeti kabla haijawaza bembea na maji ya kuteleza ya Dar es Salaam. Sisemi hivyo kwa kuwa hifadhi ni nzuri, ingawa ni nzuri. Nasema hivyo kwa kuwa ndiyo sehemu pekee ya matembezi ambapo kijana wa hapa atajikuta yeye mwenyewe ni sehemu ya habari anayoiona.

Mtoto wa miaka saba unaweza kumpeleka popote akafurahi. Kijana wa miaka 15 ni habari nyingine. Anajua anapodanganywa, na anajua kabisa anapoburutwa ili wazazi wapate picha ya pamoja. Wenye bustani za burudani wamelielewa hilo, ndiyo maana wanamuuzia kishindo: kitu cha kasi, cha kupiga kelele, ambacho mzazi anabaki chini ameshika mikoba. Kishindo kinafanya kazi, wala sikidharau. Lakini kimepimwa. Mhandisi amekwisha kukihesabu, kila anayepanda anapata kilekile, na akishuka hana cha kubishana na mtu. Serengeti haina mhandisi wa namna hiyo. Familia inaweza kuzunguka saa nne ikaona swala tomi na vumbi tu, kisha wengine waliopita njia ileile nusu saa baadaye wakamkuta chui juu ya mti. Ukitaka kumfundisha kijana kwamba kulipa hakumaanishi kupata, huna haja ya kumhutubia, dereva ataligeuza gari na kusema hakuna kitu. Na katika saa hizo za kungoja ndipo vijana huanza kuongea, kwanza kulalamika, halafu kuuliza. Wazazi wengi wa zama hizi hawajawahi kukaa na watoto wao wakubwa saa nne mfululizo bila mmoja wao kuwa na mahali pa kuondokea. Ndani ya hifadhi hakuna ruhusa ya kushuka garini ovyo, na mawasiliano ya simu hupotea mara kwa mara. Wote wanabaki humo.

Lakini hoja yenye uzito zaidi iko kwenye kile kisa cha majangili. Huko Florida jangili alikuwa wa kisa tu, mtu asiye na uso wala shangazi. Mtoto aliyepanda lile lori alijua upande wake tangu mwanzo, naye alishuka akiwa upande uleule. Mpeleke kijana wa Mbalibali, Natta au Machochwe mbele ya kundi la nyumbu, uone kama kisa hicho kitamtosha. Anamfahamu aliyefungwa kwa ajili ya nyama. Anajua kwamba ada ya shule ya mtu fulani ilitoka kwenye mitego ya nyaya, na anajua pia kwamba askari wa hifadhi waliomkamata mtu huyo wana watoto wanaosoma shule moja na yeye. Akiwa garini anamwona nyumbu mwenye alama ya waya shingoni, au anaambiwa kwamba tangu 2017 kuna timu za kutegua mitego zinazofanya kazi pamoja na Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, na Shirika la Wanyama la Frankfurt. Hawezi tena kuwa upande mmoja kirahisi. Hapo hesabu inaanza kichwani mwake: nyumbu mmoja ni kilo ngapi za nyama, nani anainunua, mfungwa anakaa ndani muda gani, kiingilio cha mgeni mmoja ni kiasi gani na fedha hiyo inarudi wapi. Maswali haya yana majibu machungu kwa kila upande, serikali ikiwemo. Sijui elimu ya uraia iliyo bora kuliko hiyo kwa mtu wa miaka 15, na wala haihitaji mwalimu.

Wakati wa kwenda nao una maana, na hapa familia za Mara zina bahati ambayo hazijaitambua. Nyumbu, milioni 1.3 hivi, hawafuati kalenda ya Wizara ya Elimu, lakini mara moja kwa mwaka kalenda hizo mbili hukutana. Februari wako kusini, pande za Ndutu, wanazaa, na shule zimefunguliwa. Kati ya Julai na Oktoba wanavuka Mto Mara kule Kogatende na Lamai, nao wanafunzi wako darasani. Wenzetu wa Kenya wana likizo ya Agosti inayoangukia katikati ya uvukaji huo, na hoteli za Masai Mara zinalijua hilo vizuri. Sisi tuna Juni. Shule zinapofunga mwanzoni mwa mwezi huo, makundi kwa kawaida yamekwisha kuacha nyanda za kusini na yanasogea ukanda wa magharibi, kwenye Mto Grumeti na pande za Ikoma, yaani kuja kwetu. Mvua za masika zimekatika, barabara zinapitika. Familia kutoka Arusha lazima ivuke Ngorongoro yote na nyanda nzima ili ifike walipo nyumbu, wakati ya Mugumu inaondoka alfajiri na kurudi usiku huohuo kulala kitandani kwake. Desemba naiweka kando. Mwezi huo kwa kijana wa Tarime na Serengeti hauna nafasi, kwani katika miaka ya tohara likizo yote huenda na sherehe, na wapo wasichana wanaoimaliza ndani ya kambi za kuwakinga na ukeketaji, kama ile ya Masanga wilayani Tarime. Likizo ya familia ipangwe Juni, wakati hakuna anayewindwa na mila.

Pingamizi la kwanza ni fedha, na ni pingamizi halali. Kwa viwango vya TANAPA vilivyotumika miaka ya karibuni, raia wa Afrika Mashariki mtu mzima hulipa shilingi 10,000 kwa siku, mtoto wa miaka 5 hadi 15 hulipa 2,000, na aliye chini ya hapo haingizwi kwenye hesabu. Baba, mama, kijana wa miaka 17 na wadogo zake wa 14 na 12 ni shilingi 34,000, na ukiongeza kodi ya asilimia 18 inakuwa 40,120. Mgeni mmoja kutoka Ulaya hulipa mara kadhaa ya kiasi hicho peke yake. Tatizo basi haliko kwenye kiingilio cha watu. Gari ndilo linaloangusha mipango. Gari lina ada yake langoni, lina mafuta, lina dereva, na gari dogo la mjini si la kuliamini kwenye njia zile. Familia moja ikijaribu kubeba mzigo huo peke yake itachoka mapema, hasa ile inayotegemea msimu mmoja wa mahindi. Lakini upande huu hatujawahi kukosa namna ya kubeba mzigo pamoja. Vikundi vya vicoba vinavyonunua mabati na sufuria za shughuli vinaweza kukodi Coaster moja kwa familia nne au tano. Na hapo kuna jambo nililoliona lina faida kwa vijana hata kabla ya safari: waachiwe wao hesabu. Wakusanye michango, waombe namba ya malipo, walipe kwa simu, watunze risiti, wajue kwamba lango linafunguliwa saa 12 asubuhi na saa 12 jioni mtu anatakiwa awe ametoka. Kijana aliyelipa kwa mkono wake hanuni garini, au akinuna hununa kidogo tu, kwa kuwa safari ni yake.

Pingamizi la pili linatoka shambani. Kwa nini nimlipe mtu ili nikamwone tembo, wakati tembo anakuja kwangu bure na kula mtama wangu? Anayeuliza hivyo anastahili jibu la heshima. Vijana wa vijiji vya mpakani ndio wanaolala kwenye madungu, ndio wanaopiga madebe na kuchoma matofali ya kinyesi na pilipili ili moshi uwarudishe tembo, kisha asubuhi wanasinzia darasani. Kanuni za 2011 ziliweka kifuta jasho cha kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kutegemea umbali wa shamba na mpaka wa hifadhi. Mtu aliyewahi kulima ekari moja ya mahindi anajua hapo ni jasho la nani linalofutwa. Kwa hiyo sitasema kwamba safari itamfanya kijana ampende tembo. Nasema itampa kitu ambacho usiku wa shambani haumpi, yaani kumwona tembo mchana, akiwa na jamaa zake, akitembea njia zake za maji, na kuelewa kwa nini anafuata shamba fulani na kuliacha jingine. Adui unayemjua tabia ni nafuu kuliko unayemsikia tu akivunja mabua gizani. Anayejua hivyo ndiye atakayekwenda kwenye mkutano wa kijiji na kusema mizinga ya nyuki iwekwe upande gani, au kudai kifuta jasho kwa maneno ambayo afisa wanyamapori hawezi kuyapuuza.

La tatu ni zito kuliko yote: ardhi ile ilikuwa ya nani? Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa 1951, mipaka ikachorwa upya 1959 Ngorongoro ilipotengwa, na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yakafuata 1994. Kila mstari uliochorwa ulipita juu ya mahali pa mtu. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika kitabu chake cha 2007, aliandika kumbukumbu za wazee wa Ikoma, Nata, Isenye, Ngoreme na majirani zao, wazee ambao bado walikuwa na majina ya vilima, visima na mahame yaliyomo ndani ya hifadhi, mahali ambapo ramani ya mtalii haina jina lolote. Na ugomvi haujaisha. Vijiji vya Tarime vilivyo mpakani, katika kata kama Nyanungu, Gorong'a na Kwihancha, vimevutana na hifadhi kuhusu vigingi hadi suala likafika bungeni. Wapo wanaosema kwamba kulipa kiingilio ili uingie kwenye hame la babu yako ni kukubali kwamba umeshindwa. Siafikiani nao, ingawa hasira yao naielewa. Asiyewahi kuingia hana la kubishia ila alilosimuliwa, na masimulizi yanakufa na wazee. Ukitaka kijana aijue haki yake, chukua kiti kimoja kwenye lile gari umpe babu au bibi anayekumbuka. Mweke mbele, karibu na dereva. Ataonyesha mti, ataonyesha mkondo, atabishana na ramani. Wanaouza safari hawauzi kitu hicho, na kiingilio chake ni kilekile cha shilingi 10,000. Ilipozuka 2010 hoja ya barabara kuu ya kukatiza kaskazini mwa hifadhi, hadi Mahakama ya Afrika Mashariki ikatoa hukumu yake Juni 2014 kuzuia isijengwe kwa lami ndani ya hifadhi, ulimwengu mzima ulikuwa na maoni. Wana wa Mugumu, ambao barabara ile ingepita mlangoni kwao, ni wangapi waliokuwa wameiona ardhi iliyokuwa ikigombaniwa?

Mwisho kuna pingamizi la vijana wenyewe, ambao hawana habari na hoja hizi. Wanataka Kunduchi ya Dar es Salaam, wanataka maji ya kuteleza na muziki. Kutoka Mara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, nauli pekee ya familia inakodi gari la Serengeti na chenji inabaki, lakini jibu la nauli halijawahi kumridhisha kijana. Afadhali kumwambia ukweli: kutakuwa na saa za kuchosha, kutakuwa na jua, kutakuwa na mbung'o. Hao mbung'o tusiwapuuze. Njia za Ikoma na ukanda wa magharibi zina vipande vya kitambaa cha buluu na cheusi vilivyotundikwa mitini, vimepakwa sumu, kwa sababu rangi hizo ndizo zinazowavuta. Na rangi hizohizo ndizo vijana wetu wanazozipenda kwa fulana na jinzi. Asiyesikia la mama atashinda akijipiga mapajani. Halafu kuna Retima, lile bwawa la viboko kaskazini mwa Seronera, ambapo harufu inakufikia kabla hujaona maji, na viboko wanalala wamebanana wakirushiana kinyesi kwa mikia bila haya. Nimeona makundi ya vijana wanaojifanya hawashangazwi na kitu yakipasuka kicheko pale, na simu zote zikatoka. Kwenye kituo cha wageni Seronera kuna pimbi na nguchiro wanaozunguka miguuni mwa watu wanaokula, kwa hiyo viazi, mayai ya kuchemsha na chapati vifungwe vizuri na mabaki yarudi garini. Bustani ya Florida ingeondoa harufu na mbung'o siku ya kwanza. Huku ndivyo vinavyosimuliwa shuleni Julai.

Limebaki jambo moja ambalo familia haiwezi kulitatua peke yake. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Langoni mtoto anakoma akitimiza 16. Siku anapotimiza umri huo, akiwa bado kidato cha pili au cha tatu, bado anavaa sare na bado anaomba nauli, kiingilio chake kinapanda kutoka 2,000 hadi 10,000 kabla ya kodi. Kwa mtalii tofauti hiyo ni bei ya chai. Kwa nyumba ya Mbalibali yenye vijana wawili wa rika hilo ni shilingi 16,000 za ziada, na fedha zisipotimia tunajua nani anaachwa: wadogo wanapanda gari kwa kuwa ni nafuu, mkubwa anaambiwa abaki aangalie ng'ombe. Yeye ndiye anayelala dunguni, ndiye anayefuatwa na wenye nyaya, na baada ya miaka michache ndiye atakayepiga kura kwenye mkutano wa kijiji kuhusu mpaka. TANAPA ikipandisha umri huo hadi 18, walau kwa wakazi wa wilaya zinazopakana na hifadhi, haitapoteza fedha ya kuitikisa, na kitambulisho kinachohitajika ni barua ya mtendaji wa kijiji tu.